Sukari Moja, Matumbo Mawili

Malinya,
12 Februari 2024

Kwa Kaka Erastus,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Malinya. U mzima? Wifi Chepng'etich hajambo? Watoto je? Nasikia huko Likuyani mmeshaanza kulima mkingoja mvua. Huku kwangu tuko, hatuko vibaya sana wala vizuri sana. Mitchel ameingia kidato cha nne na anasoma kwa bidii. Anakusalimia mjomba wake.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu zangu huzishiki siku hizi. Na hata ungezishika, nyumba hii yangu haina siri. Neno nikilisemea jikoni, mama mkwe analijibu akiwa kwake. Kiprono, yule dereva wa lori la mahindi anayetoka kwenu, ameniahidi atakupa barua hii mkononi.

Kaka, kwanza tulikungoja kwenye ukumbusho wa marehemu mume wangu Shivachi mwezi wa kumi na mbili. Mwaka mzima tangu tumzike, na upande wetu hakuja mtu. Niliwaambia watu umekwama. Sikujua umekwamia wapi.

Pili ni hili la tumbo langu. Tangu mwezi wa nane nikila matonge mawili ya obusuma, huu ugali wetu, najisikia kama mtu aliyetoka harusini. Chakula kinakaa hapa juu, chini ya kifua, kama jiwe. Halafu natapika. Na si kile nilichokula sasa hivi. Natapika maharagwe ya jana, mazima, kama yalivyotoka sufuriani. Nimetibiwa homa ya matumbo mara mbili. Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara tatu. Kliniki ya sukari wananiambia nile mboga nyingi, nami nakula mrenda na kunde, na ndipo ninapotapika zaidi.

Unajua kazi yangu. Mimi ndiye ninayeitwa kupika kwenye matanga na harusi hapa kote. Sasa fikiria mpishi anayeonja mchuzi kisha anakimbilia nyuma ya migomba kutapika. Mikono na shingo vimekonda, lakini tumbo limejaa hewa na limesimama mbele. Na mimi ni mjane wa mwaka mmoja na miezi miwili. Umeelewa kule ninakoelekea?

Wameanza. Kina mama wa kanisa wameniambia nipumzike kuongoza kwaya "mpaka mambo yaeleweke." Bramwel, mdogo wa marehemu, aliniuliza mbele ya watu waliokuja kununua mbuzi, "Shemeji, hilo tumbo ni la miezi mingapi?" Watu wakacheka. Mwanaume akitapika wanasema ni malaria. Mimi nikitapika wananitafutia baba wa mtoto.

Wewe ulipata sukari kabla yangu, tena uliirithi kwa mama kama mimi. Niambie ukweli, je, wewe tumbo hili linakupata? Ukiniambia ndiyo, nitajua ni sukari na nitakuwa na la kuwajibu. Na kama unaweza, uje. Hata kwa siku moja.

Ni mimi dada yako,
Selpher Nekesa


Likuyani,
4 Machi 2024

Kwa Selpher,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako nimeipokea. Sisi hapa ni wazima na shamba linaendelea vizuri.

Nitakujibu kwa ufupi. Mimi nina ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na nne sasa, na sijawahi kutapika hata siku moja. Nakula chakula changu na kinashuka. Sukari ni sukari, haina ya wanaume na ya wanawake. Kama ingekuwa ndiyo inayokutapisha, ingenitapisha mimi kwanza.

Bramwel alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Alizungumza kwa heshima. Alisema familia yao haina shida na wewe ila wanataka ukweli. Mimi ni mzee wa kanisa hapa, na watu wananiangalia. Kama kuna jambo limetokea, wewe ni mtu mzima wa miaka arobaini na sita, sema ni nani, ili tujue namna ya kuzungumza nao. Kulificha kunatuaibisha sisi sote.

Kuja sitaweza. Nina shughuli nyingi.

Kaka yako,
Erastus Sifuna


Malinya,
9 Machi 2024

Kaka,

Hamjambo hapo? Sisi tupo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye kinu, kisha nikaisoma tena nikidhani nimeruka mstari mahali.

Nilikuuliza kuhusu tumbo, ukanijibu kuhusu aibu. Nilienda duka la dawa mjini, ambako hawanijui, nikanunua vipimo vya mimba. Nikapima mara tatu kwa wiki tatu. Mwanamke wa umri wangu, ambaye hedhi yake imeshaanza kumwacha, anajifungia chooni kama msichana wa shule, kwa sababu watu wamesema mpaka akaanza kujishuku mwenyewe. Hakuna kitu. Nakuambia wewe, na Bramwel simwambii, kwa sababu sijui kwa nini nimpe maelezo ya mwili wangu.

Sitakusumbua tena. Mpe wifi salamu zangu.

Selpher


Likuyani,
29 Aprili 2024

Mpendwa Selpher,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa hai na unaendelea kupata nafuu. Kiprono amefika leo na mahindi hayajamaliza kupakiwa, akaniambia, "Mzee, dada yako alianguka matangani, wakambeba kwa pikipiki mpaka hospitali." Nikamuuliza lini. Akasema wiki mbili sasa. Wiki mbili, na mimi niko hapa napalilia.

Nimepiga simu yako mara tisa. Haipatikani. Ya Mitchel sina. Bramwel nilimpigia akasema umetoka hospitali, halafu akaanza maneno mengine, nikakata.

Ukiweza kushika kalamu niandikie. Ukishindwa, Mitchel aniandikie mstari mmoja tu.

Ndugu yako,
Erastus


Malinya,
19 Mei 2024

Kwa Kaka Erastus,

Salamu kwako na kwa wote walio hapo nyumbani. Mvua imewafikia? Huku imenyesha mpaka njia ya kwenda sokoni imekuwa tope tupu. Mimi niko hai, na leo nina nguvu ya kukuandikia yote. Simu iliingia maji siku niliyoanguka ndiyo maana hukunipata.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu bado nilikuwa na hasira. Nimechoka kuwa nayo.

Ilikuwa matanga ya mwalimu mmoja wa hapa. Niliamka nikajidunga insulini kama kawaida, nikala sahani ya wali na maharagwe ili nisianguke, nikaenda kusimamia sufuria. Saa nne na nusu nikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka kama nimemwagiwa maji. Nikamwona Musimbi, dada wa marehemu Shivachi, ananiita jina langu lakini sauti yake inatoka mbali. Sikumbuki kingine. Wanasema niliangukia ndoo ya maji. Waliokuwa karibu walisema, "Mimba imemlemea." Musimbi peke yake ndiye aliyesema, "Huyu ana sukari, leteni soda." Walinipaka soda midomoni wakanipeleka hospitali kubwa ya mjini, na huko wakakuta sukari haijafika hata mbili, ilhali ya kawaida huanzia nne.

Hapo ndipo nilipokutana na daktari Adhiambo. Ni mwanamke mfupi, haongei haraka. Aliniuliza, "Mama, ulikula?" Nikasema nilikula vizuri. "Sasa chakula kilienda wapi?" Nikadhani ananicheka. Kumbe alikuwa anauliza kweli. Akaamuru nilale njaa tangu jioni, asubuhi wakanishusha kamera ya tumbo. Kaka, nilikuwa sijatia kitu mdomoni kwa saa kumi na nne, na wakakuta mle ndani wali na maharagwe vimekaa tu, kama mgeni ambaye hajaambiwa aondoke.

Akaniita kando akanieleza. Sukari ikikaa juu miaka mingi, inaharibu mishipa ya fahamu inayoliamsha tumbo lisukume chakula. Tumbo linalala. Wewe umejidunga dawa ya kushusha sukari, chakula hakijashuka kukutana nayo, basi sukari inaanguka na wewe unaanguka nayo. Na zile mboga zenye nyuzi nilizoambiwa nile nyingi ndizo zinazokwama zaidi kwenye tumbo la aina hii.

Nikamwuliza swali lako. Nikasema, "Kaka yangu ana sukari miaka kumi na minne na hajawahi kutapika. Anasema sukari haina ya wanaume na ya wanawake." Akatabasamu. Akasema, "Sukari ni moja, lakini tumbo la mwanamke na la mwanaume hayaijibu sawa. Wengi wanaokuja kwangu na huku kulala kwa tumbo, kichefuchefu, kushiba upesi, ni wanawake. Kwa nini hasa, hata sisi hatujamaliza kujua. Wengine wanadhani ni homoni. Lakini ninachojua ni kwamba wanafika wamechelewa, kwa sababu mwanamke akitapika, wa kwanza kumpima ni jirani."

Nililia pale kitini. Si kwa huzuni. Nilifurahi kuwa mgonjwa, Kaka. Umeshawahi kusikia mtu anafurahi hivyo?

Sasa ninakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, vitu laini, viazi vya kupondwa, uji mwepesi, mchuzi wa ingokho, kuku wetu wa kienyeji, bila mafuta yake. Nikila sikai chini, natembea mpaka kwenye mti wa mwisho wa shamba na kurudi. Insulini wamenibadilishia saa za kujidunga. Kuna dawa ya kuliamsha tumbo. Bado natapika siku nyingine, lakini si kila siku.

Akaniuliza jambo moja zaidi, "Na huyo kaka, tumbo lake likoje upande wa chini?" Nikasema yuko sawa. Akasema, "Wanaume wote wako sawa mpaka uwaulize mara ya tatu." Sikumwelewa.

Sasa shida yangu. Nilimwonyesha Bramwel karatasi za hospitali. Akasema karatasi zinaandikwa na watu. Ameitisha kikao cha familia Jumamosi tarehe nane mwezi wa sita. Anataka isemwe kwamba nimeleta aibu nyumbani kwa kaka yake, nirudishwe kwetu, na kipande cha shamba cha Shivachi kikae chini yake "kwa ajili ya Mitchel." Wanasema upande wetu uje usikie. Baba hayupo, mama hayupo, ni wewe. Nikikaa pale peke yangu itakuwa kama hata kwetu wamekubali.

Nilisema sitakusumbua tena, na nimekusumbua. Njoo, Kaka. Hata usiseme kitu, ukae tu upande wangu.

Dada yako,
Selpher


Likuyani,
26 Mei 2024

Mpendwa dada yangu Selpher,

Habari za hapo? Tumbo linasemaje wiki hii? Mitchel je? Sisi tunaendelea.

Nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Niko ghalani, nimekaa juu ya magunia, kwa sababu ninalotaka kukuambia sijaliambia hata ukuta.

Yule daktari alitaka uniulize mara ya tatu. Basi chukulia umeniuliza.

Ni kweli sijawahi kutapika. Hilo nililoandika halikuwa uongo. Lakini miaka miwili sasa tumbo langu linaendesha. Si kama la mtu aliyekula kitu kibaya, likaisha. Linakuja lenyewe, bila kuuma, bila kuniambia. Nikiwa shambani. Nikiwa nimelala. Linakaa kimya wiki nzima, nikaanza kujisifu, kisha linakuja siku tatu mfululizo. Mara nyingine, Selpher, halinipi hata nafasi ya kusimama. Mimi, mwanaume wa miaka hamsini na tatu, nafua nguo zangu mwenyewe mtoni kabla watu hawajaamka.

Nilianza kukaa karibu na mlango kanisani. Kisha nikaacha kukaa meza ya wazee. Nikasema mgongo unaniuma. Mikutano ya wakulima nimeacha. Chakula cha ugenini nimeacha. Watu wanasema Sifuna siku hizi anajiona. Bora waseme hivyo. Nimehamia chumba cha mbele, nalala huko peke yangu, na Chepng'etich ameamini nina mwanamke mwingine. Aliniuliza mwezi wa kwanza, "Ni nani huyo?" Nami nikanyamaza, kwa sababu niliona mwanamke mwingine ni rahisi kumeza kuliko ukweli. Fikiria ni aibu ya namna gani ambayo mtu anaificha nyuma ya uzinzi.

Umeniuliza nilikwamia wapi siku ya ukumbusho wa Shivachi. Nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nimevaa suti ya kijivu. Nilifika Malava. Hapo likanishika. Nilishuka nikaingia choo cha kituo cha petroli, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Mhudumu, msichana mdogo, alinipa ndoo ya maji bila kuniuliza kitu. Nilikaa mle mpaka suruali ikakauka nusu, nikarudi nyumbani nikasema gari liliharibika.

Ndiyo maana simu zako sikuzishika. Ningekuambia nini? Na barua yako ilipokuja ikiniuliza, "Je, wewe tumbo hili linakupata?" niliogopa kama mtu aliyefumaniwa. Nikakuandikia yale niliyokuandikia. Wewe ulinifunulia tumbo lako na mimi nikalifunika langu kwa kukutukana. Nimekuwa nikisema "watu wananiangalia," na hakuna mtu aliyekuwa ananiangalia. Nilikuwa nimejificha.

Nisamehe.

Kuhusu tarehe nane, nataka kuja. Moyo wangu unataka. Lakini ni safari ya saa mbili na zaidi, halafu kukaa mbele ya wakwe zako. Likinishika mbele ya Bramwel nitakuwa nimekuongezea aibu badala ya kuipunguza. Sijui, Selpher. Sitaki kukuahidi.

Kaka yako,
Erastus


Malinya,
31 Mei 2024

Kaka yangu,

Salamu. Kiprono anaondoka sasa hivi, amewasha lori, kwa hiyo naandika mbio.

Hakuna cha kusamehe ambacho hakijasamehewa. Nimesoma ile ya ndoo ya maji nikalia, halafu, Mungu anisamehe, nikacheka, halafu nikalia tena. Sisi watoto wa mama yule, mmoja amezibwa juu na mwingine amefunguliwa chini.

Nilimwona daktari Adhiambo jana na nimemwambia, bila kutaja jina. Anasema hiyo pia ni mishipa ile ile iliyoharibika, na inatibika, si yote lakini kiasi. Anasema hata vidonge vyenyewe vya sukari vinaweza kuendesha tumbo la mtu, kwa hiyo aone unachomeza. Usiache dawa kwa akili yako. Uje na vidonge vyako vyote kwenye mfuko.

Choo changu kiko nyuma ya jiko, hatua kumi na tano, nimehesabu. Kiti chako nitakiweka mwisho upande huo. Ukiinuka hakuna utakayemruka.

Usipokuja nitajua ni kwa nini, na sitakasirika. Nakuambia hili kutoka moyoni.

Selpher


Malinya,
16 Juni 2024

Kwa Kaka Erastus mpendwa,

Pokea salamu za watu wengi safari hii, hata za watu ambao hukutegemea. U mzima baada ya safari? Ulifika salama? Wifi alikupokeaje? Mimi nimekula asubuhi na kimeshuka.

Uliondoka haraka jioni ile, hatukuzungumza. Na kuna mambo hukuyasikia, kwa sababu hukuwepo wakati yanasemwa. Nimeona ni haki yako uyajue.

Nilipokuona unashuka pale njiani na suti ya kijivu na mfuko wa vidonge mkononi, nilikimbilia kukifuta kile kiti chako cha mwisho. Mitchel alisema, "Mama, mjomba amekuja," nikamwambia, "Nimeona, nyamaza, usinilize mbele ya hawa."

Bramwel aliongea nusu saa. Uliisikia yote. Kisha ukasimama. Wewe labda ulidhani sauti yako ilitetemeka. Sisi tulisikia mtu anayeongea polepole tu. Ulisema, "Shemeji, nimekuja kusema kwamba dada yangu hana mimba. Ana sukari iliyomlaza tumbo. Najua kwa sababu mimi mwenyewe ninayo, na mimi ilinishika upande mwingine. Mimi naharisha. Miaka miwili. Nimeificha, hata mke wangu hajui. Huyu dada yangu hakuficha, aliniuliza, na mimi nikamgeuka, sawa na mlivyomgeuka nyinyi." Halafu ukaweka mkono kwenye kiti, ukasema, "Nisameheni, nitarudi," ukaenda nyuma ya jiko.

Sasa sikiliza kilichofuata.

Bramwel akacheka, kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Haya basi. Mzee wa kanisa amekimbilia choo. Huyu ndiye shahidi?" Wawili watatu wakacheka naye, wale vijana wa upande wa pili.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, ile miguu yake ameinyoosha. Unajua huwa haongei kwenye vikao. Akasema, "Bramwel, kaa chini."

"Mama, bado sijamaliza."

"Umemaliza. Yule mwanaume ametoka Likuyani akijua tumbo lake linaweza kumwangusha mbele yetu, na limemwangusha, na bado amesema atarudi. Wewe umetoka nyumba ya pili hapo, umeleta nini? Umeleta kicheko."

Bramwel akasema mambo ya karatasi za hospitali. Musimbi akasimama. Akasema, "Mimi ndiye niliyemshika Selpher alipoanguka. Nilimvua nguo zilizoloa kule hospitali. Nimezaa watano. Lile si tumbo la mtoto, na nilijua siku ile, na nikanyamaza miezi miwili kwa sababu niliogopa ndugu yangu." Akakaa, akajifunika uso kwa leso.

Hapo ndipo uliporudi. Umenawa mikono, maji yanadondoka. Ukasema, "Nimerudi. Nilikuwa nasema..." Na mama mkwe akakuambia, "Tumesikia, baba. Keti. Mtu ampe maji ya kunywa." Wewe ulikaa ukinitazama kama mtu aliyekosa gari, hukujua kwamba kikao kimeshakwisha ukiwa chooni.

Bramwel hajaniomba msamaha. Amepita hapa mara mbili, anasalimia akiangalia ng'ombe. Lakini mama mkwe amesema mbele ya wote kwamba kipande cha Shivachi ni changu na Mitchel, na asisikie mtu akilirudia neno lile. Kina mama wa kwaya wametuma mtu kuniita. Nimewaambia wangoje kidogo. Nataka wangoje.

Na jambo hili ndilo lililonigusa zaidi. Tangu Jumamosi ile wamekuja kwangu wanawake wanne, mmoja mmoja, wakijifanya wanaazima chungio au wanauliza bei ya unga. Mmoja ametapika mwaka mzima na mume wake anamwambia ni mawazo. Mwingine mama yake alikufa akiambiwa amerogwa. Na juzi akaja mwanaume, Kaka, mwanaume mzima mwenye ndevu, akasimama mlangoni akazungumzia mvua muda mrefu, kisha akauliza, "Yule kaka yako, anarudi lini? Nataka kumwuliza kitu." Sikumwuliza ni kitu gani.

Umeshamwambia wifi? Ulisema mbele ya watu arobaini kwamba hajui. Kiprono alikuwa pale, alipitia kuleta mahindi. Na yule hanyamazi.

Dada yako anayekupenda,
Selpher


Likuyani,
22 Julai 2024

Mpendwa dada Selpher,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Mahindi yamebeba, yamenipita urefu. Je, unakula? Umeongezeka? Mitchel amefanyaje mtihani wa majaribio?

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Nilidhani nilikuwa nimeharibu kila kitu. Nilikaa mle chooni nikisikia kicheko, nikajiambia sasa panda ukuta uende zako. Ila choo chako hakina dirisha.

Kiprono hakunyamaza. Nilifika nyumbani nikakuta Chepng'etich amekaa mlangoni, ameshajua. Nilitegemea aniambie nimemwaibisha. Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna mwanamke?" Nikasema hakuna. Akasema, "Mwaka mzima nimemchukia mtu ambaye hayupo. Nimemchukia mpaka nikampa na jina." Nikamwuliza alimpa jina gani. Akakataa kuniambia. Kisha akaingia chumba cha mbele, akabeba godoro langu kichwani akalirudisha chumbani. Akasema, "Ukitoka, toka. Ukirudi, rudi. Mimi nimelea watoto saba, unadhani kuna kitu sijafua?"

Mwishoni mwa mwezi wa sita tulikwenda sote wawili kwa daktari Adhiambo. Aliniuliza, "Mzee, tumbo likoje?" Na mimi, baada ya yote, mdomo wangu ukasema, "Liko sawa." Chepng'etich akanigeukia. "Mwambie, au nimwambie mimi." Basi nikasema. Daktari aliandika kurasa mbili. Amebadilisha vidonge vyangu, akasema vile vya zamani vilikuwa vinachangia, na amenipa dawa nyingine ya siku mbaya. Hakuniahidi litaisha. Alisema litapungua, na limepungua. Siku hizi nina mbaya moja au mbili kwa wiki, na nyingine ni za kawaida kabisa, mpaka nashangaa.

Nilimwuliza kwa nini mimi na wewe tumeumwa tofauti na sukari ni ile ile. Akasema tena kwamba wanaendelea kutafuta. Kisha akaniambia, "Lakini nyinyi wawili mlitofautiana kwa jambo jingine pia. Dada yako alisema na hawakumwamini. Wewe ungeaminiwa na hukusema." Nimelifikiria neno hilo mpaka leo. Nilipewa masikio ya watu bure, kwa sababu mimi ni mwanaume na mzee wa kanisa, na nikayatumia kujificha.

Mwambie yule bwana mwenye ndevu ninakuja. Ataniuliza anachotaka, na sitamzungusha mpaka mara ya tatu.

Tunakuja Jumamosi ya tarehe tatu mwezi wa nane, mimi na Chepng'etich, anataka kukuona. Tutapitia Malava. Kuna msichana pale kwenye kituo cha petroli ambaye sikumshukuru.

Hatujui tutasimama mara ngapi njiani. Usipike mapema.

Kaka yako,
Erastus